Tukienda au Tukikaa, Chachu Itolewe

Mazungumzo ya redio ya juma la kabla ya Pasaka
Masomo: Kutoka 12:1–20, Hesabu 9:6–13, Luka 22:7–13



Katika juma hili nyumba nyingi zina swali moja. Baba analiuliza akihesabu pesa, mama analiuliza akikunja nguo za watoto, na watoto wanaliuliza kila asubuhi: Je, Pasaka tutakwenda kwa babu, au tutakaa hapa hapa? Nauli imeanza kupanda. Mzee kule mashambani anangoja, naye amekwisha kumfunga mbuzi. Kanisa la hapa mjini nalo limetangaza ibada ya Ijumaa Kuu na Meza ya Bwana siku ya Jumapili. Wengine wetu tumekwisha kununua tikiti. Wengine twajua wazi kwamba mwaka huu mfuko hauruhusu, na jambo hilo latuuma.

Swali hili si geni. Lilikuwako kabla ya basi na kabla ya barabara. Tukifungua Biblia twaona kwamba Pasaka imefanywa nyumbani, na Pasaka imefanywa ugenini, na Mungu alikuwa na neno kwa yule aliyekaa na kwa yule aliyeondoka. Leo na tulitazame neno hilo pamoja.

Pasaka ya kwanza ilikuwa ya nyumbani kabisa. Katika Kutoka mlango wa 12 twasoma kwamba siku ya 10 ya mwezi kila nyumba ilichagua mwana-kondoo, wakamtunza mpaka siku ya 14. Damu yake ilipakwa katika miimo ya mlango na kizingiti cha juu, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje hata asubuhi. Chachu yote iliondolewa nyumbani. Na ikiwa nyumba ni ndogo, haiwezi kumaliza mwana-kondoo mzima, baba wa nyumba hiyo alishirikiana na jirani yake. Tangu usiku ule wa kwanza, jirani alikuwamo katika hesabu ya Pasaka.

Lakini tazameni jambo la ajabu. Watu hao waliofungiwa ndani waliamriwa kula kama wasafiri: viuno vimefungwa, viatu miguuni, fimbo mkononi. Walikaa nyumbani, ila mioyo yao ilikuwa njiani. Mungu hakutaka mtu wake aone kwamba Misri ndiyo kwao.

Baadaye, walipokuwa karibu kuingia katika nchi ya ahadi, amri ilikuja kwa namna nyingine. Katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 16, Musa aliwaambia wasichinje Pasaka katika mji wo wote, ila mahali pale Bwana atakapopachagua. Basi Pasaka ikawa safari. Watu walifunga nyumba zao, wakapanda kwenda Yerusalemu, na Yohana atuambia kwamba wengi walikwenda mapema ili wajitakase kabla ya sikukuu.

Yusufu na Mariamu walikuwa miongoni mwa wasafiri hao kila mwaka. Twalijua tukio lile la Luka mlango wa 2, Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12. Walikwenda vizuri, wakaitimiza sikukuu vizuri, wakaanza kurudi. Wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara, kumbe hayumo. Siku tatu zilipita kabla ya kumwona hekaluni. Ikiwa hata wazazi wale wema waliweza kutembea siku nzima bila kumwona Yesu, wakidhani yuko na wenzao, je, sisi? Katika shughuli za mizigo, zawadi na kuamkiana na jamaa, ni rahisi kudhani kwamba Bwana yumo tu katika msafara. Na tuhakikishe.

Katika mwaka wa 70 baada ya Kristo, Warumi waliliharibu hekalu la Yerusalemu. Tangu hapo Wayahudi hawakuchinja tena mwana-kondoo wa Pasaka pale, na sikukuu ikarudi mezani nyumbani. Wasamaria, ambao leo hawafiki hata watu elfu moja, bado huacha nyumba zao na kukutana juu ya mlima Gerizimu, na huko huwachinja wana-kondoo kila mwaka. Lakini kwa Wayahudi, mahali pa Pasaka ni nyumba, na kazi ya kuitayarisha nyumba hiyo si ndogo.

Na tuitazame kazi hiyo, maana ina mafundisho kwetu. Chachu kwao ni kila kitu kilichofanywa kwa ngano, shayiri, au nafaka nyingine za jamii hiyo, kikapata maji na kuumuka. Mkate wa Pasaka hutengenezwa upesi, wala hauachwi upitishe dakika 18 kabla ya kuwekwa motoni. Majuma kadhaa kabla ya sikukuu, makabati hufunguliwa, mifuko ya nguo za watoto hupinduliwa ili chembe za biskuti zitoke, jiko husuguliwa, na vyombo vya kila siku hufungiwa mbali. Wengi wana sahani na sufuria za Pasaka peke yake. Usiku wa kuamkia siku ya 14, baba na watoto huwasha mshumaa, wakazunguka nyumba yote gizani, wakitafuta kila pembe. Kitakachoonekana huchomwa moto asubuhi. Ndipo huketi mezani jioni na mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, na mtoto mdogo huuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine.

Kazi hiyo ni nzito, na mara nyingi humwangukia mama. Basi katika siku hizi ziko familia nyingi za Kiyahudi, huko Marekani, Ulaya na Israeli kwenyewe, ambazo huamua kuondoka. Huenda hoteli ambayo jiko lake limekwisha kusafishwa na kusimamiwa na rabi. Huko meza imeandaliwa, hakuna kusugua, hakuna kupika. Wengine huenda kwa wazazi wao, babu na nyanya wakaketi na wajukuu. Na wako wanaosema kwamba Pasaka bila kazi ya nyumbani si Pasaka. Hapo nao wana mazungumzo marefu, kama sisi tulivyo na yetu.

Lakini walimu wao wa kale waliliona jambo hili zamani sana, wakaliandika katika kitabu chao kiitwacho Talmudi. Walisema hivi kwa maana: mtu akifunga safari ya baharini au akiondoka na msafara zaidi ya siku 30 kabla ya Pasaka, naye hana nia ya kurudi hata sikukuu imalizike, hana lazima ya kutafuta chachu. Lakini akiondoka ndani ya siku hizo 30, na aitafute kwanza, kisha aende. Kuondoka hakumtoi katika wajibu. Hawezi kufunga mlango, akaweka ufunguo mfukoni, akasema: "Mimi sitakuwapo, basi ile chachu hainihusu." Ni nyumba yake, na chachu ni yake.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo neno hili linapotugusa. Sisi hatufungwi na sheria ya mikate na sufuria. Lakini mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika waraka wa kwanza, mlango wa 5, asema kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu, naye amekwisha kutolewa. Kwa hiyo tuisafishe ile chachu ya kale, ndiyo uovu na ubaya, tuifanye sikukuu kwa weupe wa moyo na kweli. Tena hakuwaandikia watu wa mbali. Aliwaandikia kanisa ambalo lilikuwa na jambo baya katikati yao, wakalifumbia macho, na huku wakijisifu.

Kwa hiyo swali la kwanza la Pasaka si tutakwenda au tutakaa. Swali la kwanza ni hili: katika nyumba hii tunayoiacha, au tunayokaa, kuna nini katika pembe?

Labda mume na mke hawajasemezana vema tangu mwezi uliopita. Watapanda basi pamoja, watakaa kiti kimoja, watawaamkia wazee kwa furaha. Nao watakaporudi Jumatatu usiku, watakuta lile neno limekaa sebuleni likiwangoja. Labda yumo msichana wa kazi ambaye mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa, na pesa zake ndizo zilizonunua tikiti zetu. Naye ana mama anayemngoja. Labda tumekopa kwa jirani, na twaondoka alfajiri ili tusikutane naye mlangoni. Labda twakwenda kwa wazazi, na huko kuna ndugu ambaye tuligombana naye juu ya mpaka wa shamba, nasi twajua tutamkuta, na tumekwisha kutayarisha maneno ya kumjibu. Chachu hii haikai nyumbani tukaiacha. Twaibeba katika mzigo.

Wayahudi hutumia mshumaa, maana mwanga wake mdogo hufika katika ufa. Sisi nasi tuna taa. Kabla ya safari, au kabla ya sikukuu kama tumekaa, na tutenge jioni moja. Redio izimwe, watoto waitwe, Neno lisomwe, na kila mtu aulizwe kwa upole: ni nani amekosewa katika nyumba hii? Ni deni gani laweza kulipwa kesho? Ni nani wa kuombwa msamaha kabla ya jua kuchwa? Kitakachoonekana kisirudishwe kabatini. Kichomwe.

Sasa twasema neno na ninyi mnaokwenda. Nendeni kwa amani. Kumwona mzazi ni jambo jema, na wazee hawatakaa nasi milele. Lakini msiende kuonyesha mali, wala msikope ili mwonekane mmefaulu. Mzee hafurahii zawadi ambayo itamrudisha mwanawe mjini na njaa. Mtakapofika, tafuteni kanisa la pale, mshiriki Meza ya Bwana pamoja na ndugu wa pale, na msiwaache akina mama jikoni peke yao siku zote nne. Hata nao wanahitaji kusikia kwamba Bwana amefufuka.

Na ninyi mnaokaa, msijione kwamba mmenyimwa sikukuu. Pasaka ya kwanza ilifanywa na watu wasiokwenda po pote usiku ule, nao ndio waliookolewa. Fungeni viuno vyenu papo hapo. Tena mwangalieni jirani, kwa kuwa mwana-kondoo ni mkubwa kuliko nyumba ndogo. Katika ploti mnamokaa yuko mjane, yuko kijana aliyetoka mbali kutafuta kazi, yuko mgeni asiye na jamaa hapa. Ugali na mboga zinatosha kuwa karamu, ikiwa mlango uko wazi.

Wako pia wengine ambao hawaendi wala hawakai. Dereva anayewapeleka watu wote kwao atakuwa barabarani Ijumaa na Jumapili pia. Muuguzi ana zamu ya usiku. Askari wa lindo hawezi kuliacha lango. Na wengine wako katika matanga. Kwa ajili ya watu kama hao Mungu alisema katika Hesabu mlango wa 9. Watu fulani walikuja kwa Musa wakiwa na huzuni, kwa kuwa walikuwa wamegusa maiti, hawakuweza kuila Pasaka kwa wakati wake. Wakauliza, kwa nini sisi tuzuiliwe? Musa hakuwafukuza, aliwaambia wangoje, akaenda kumwuliza Bwana. Naye Bwana akawapa siku nyingine, siku ya 14 ya mwezi wa pili, wao na kila mtu aliye katika safari ya mbali. Ndugu dereva, dada muuguzi, nawe uliyefiwa: Bwana amekuwekea siku. Na sisi wengine, tukirudi, tusiseme sikukuu imekwisha. Mchungaji na wazee wa kanisa wawatafute hao, wawapelekee Meza ya Bwana.

Mwisho, na tumkumbuke Bwana wetu mwenyewe. Pasaka yake ya mwisho aliifanya ugenini. Hakuwa na nyumba Yerusalemu. Aliwatuma Petro na Yohana wamfuate mwanamume aliyechukua mtungi wa maji, wakamwuliza mwenye nyumba chumba kiko wapi. Mtu yule, ambaye hata jina lake hatupewi, alikuwa nacho chumba kikubwa orofani, kimekwisha kutandikwa. Yeye alikaa nyumbani, akatayarisha. Yesu alikuwa safarini, akapokewa. Mwenye nyumba na msafiri walikutana katika Pasaka moja.

Basi ukienda, nenda kama anayetafuta chumba cha kukutana na Bwana. Ukikaa, kaa kama aliyekitandika.

Na tuombe. Ee Bwana, mwanga wako uingie katika pembe za nyumba zetu. Utuonyeshe chachu tuliyoizoea, utupe nguvu ya kuitoa kabla ya sikukuu. Uwalinde walio njiani, uwape madereva macho ya kuona na moyo wa subira. Uwafariji walio zamu na walio katika matanga. Uufungue mlango wetu kwa jirani, nawe uingie kwanza. Kwa ajili ya Kristo, Pasaka wetu. Amina.