Mbolea Yetu Isitutie Maradhi

(Mazungumzo ya bwana shamba mbele ya wakulima wa mboga, Unguja)



Leo nimekuja kurekebisha kosa langu. Zamani niliwaambia hivi: tia samadi kwenye pipa la maji, ongeza sukari guru, koroga kila siku, kisha nyunyizia mboga. Mboga zilistawi, kweli. Lakini sukari ile ni chakula cha vijidudu vyote, vizuri na vibaya. Vijidudu vya kuharisha vikiwa vichache tu ndani ya samadi, sukari huvizidisha. Na mimi nikawaambia mvinyunyizie juu ya majani!

Mtasema, "Mchicha si unapikwa?" Ni kweli, moto wa chungu unaviua. Lakini kisu kilichokata mchicha mbichi ndicho kinachokatia tungule za kachumbari. Hapo ndipo maradhi yanapopita. Tena mboga zetu zinakwenda Darajani, na watu wa Mji Mkongwe wanazila bila kujua tumenyunyizia nini.

Basi kwanza tuivundishe samadi. Ichanganye na majani makavu, maganda ya muhogo na majani ya mgomba. Lundo liwe mita 1 kwenda juu na mita 1 kila upande, au zaidi, maana lundo dogo halishiki moto. Lirushie maji, liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya siku chache litapata moto lenyewe. Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la digrii 37. Katikati ya lundo pafike digrii 55. Huna kipimo? Chomeka kipande cha nondo mpaka katikati, ngoja dakika 10, kichomoe. Kama huwezi kukishikilia, lundo linafanya kazi. Kama ni vuguvugu, bado.

Pembeni lundo ni baridi, na vijidudu vinabaki huko. Kwa hiyo lipindue, ya nje iende ndani. Wataalamu wanataka siku 15 za joto hilo, na kupindua mara 5. Najua, mgongo utauma. Kisha liache lipoe na kuiva kwa miezi miwili au mitatu. Koleo lililogusa samadi mbichi lioshwe kabla ya kugusa mbolea iliyoiva, na kuku wasipande juu yake.

Ukitia samadi mbichi shambani, ipite miezi 4 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo. Mchicha tunauvuna kwa wiki 4 hivi. Hesabu inakataa. Na kinyesi cha watu tusikitie kabisa. Kipindupindu tunakijua hapa Zanzibar tangu mwaka 1978.

Nyinyi mnaolima maweni, upande wa mashariki, jiwe letu lina matundu, na maji machafu yanashuka upesi. Weka lundo mbali na kisima, ulifunike wakati wa masika.

Mbolea ya maji bado tutaitumia. Tia mbolea iliyoiva kwenye pipa safi, kwa maji safi, bila sukari. Imimine shinani, isiguse majani.

Bi mmoja ameniuliza mlangoni: "Pipa langu nimeshalitia sukari, niimwage?" Hapana, mama. Ipeleke kwenye migomba iliyo mbali na kisima, uimimine chini, kisha lisugue pipa kwa sabuni na ulianike juani. Na mikono pia, kabla hujashika chakula.