Walimu wa Kiungani Waliofika Newala
Hotuba ya mgeni kutoka Newala katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika



Nimeombwa nieleze habari za chuo cha kwanza kilichotulelea walimu. Sisi wa Newala injili tuliipokea kwa Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA. Wala chuo chenyewe hakikuwa kwetu. Kilikuwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja.

Mwaka 1864 Askofu Tozer alikabidhiwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa chanzo cha Chuo cha Mtakatifu Andrea. Waliowafuata walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja na lugha yake, nao wakaunganishwa na Kiswahili. Walijifunza kusoma, kuhesabu, kupiga chapa vitabu, na kuwafundisha wengine. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha simulizi zao. Humo mtoto anaeleza mwenyewe jinsi alivyotekwa na kuuzwa. Mimi nilikisoma kwa shida. Si kitabu cha kusomwa kwa mkao mmoja.

Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Lindi akiongoza watu zaidi ya hamsini waliokombolewa. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Nyasa, lakini walipofika Masasi waliona kama wamefika kwao, wakabaki. Septemba 1882 Wamagwangwara waliwavamia, na baada ya maafa hayo misheni ilipanda Newala, kwa Mfalme Matola. Aijuaye Newala anajua maana yake: uwanda wa juu, mchanga mtupu, na maji yako chini kabisa mabondeni. Kabla mwalimu hajaandika herufi ubaoni, mtu alikuwa ameshateremka na mtungi na kupanda tena.

Katika nchi hiyo, mwaka 1886, aliletwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Kiungani. Aliwekwa Chitangali, ambayo leo huandikwa Kitangari, pamoja na mkewe Lucy, aliyelelewa na misheni Mbweni. Mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Kwa miaka 11 wenyeji walifundishwa na kuchungwa na mtu aliyewahi kuwa bidhaa. Mwaka 1897 akarudishwa Unguja. Wengine husema ni taratibu za kazi tu. Mimi nasema Newala ilipoteza mchungaji iliyekuwa imeshamzoea kuwa wake.

Chuo cha Kiungani nacho kilihamishiwa Minaki katika miaka ya 1920, jirani na Kisarawe, ambako Walutheri wa Berlin walifanya kazi tangu miaka ya 1890. Ninyi pia mlikuwa na Marangu, iliyoanza kufundisha walimu mwaka 1912.

Ndugu zangu, katika vitabu vya jubilei wachungaji huwekewa picha, na walimu wa vijijini huingizwa katika maneno mawili, “na wengineo”. Nawaomba wahariri wa kitabu hiki wapite nyumba kwa nyumba, wawaulize wazee majina hayo wangali hai.

Kitangari ya leo ina chuo cha ualimu cha serikali. Wanafunzi wake wengi niliozungumza nao hawajapata kulisikia jina la Majaliwa yule.