WANYAMA NDANI YA MAENEO YA KALE
(Mazungumzo kwa wananchi wa Mikindani na pwani ya Mto Ruvuma)



Mji wa Mikindani umepokea wanyama wa kila namna. Mwezi Machi 1866 Daktari David Livingstone, baada ya kukosa mahali pa kuteremkia katika mlango wa Mto Ruvuma, aliingia hapa na kushusha ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, baghala na punda. Alikusudia kuona kama wangestahimili mbung'o. Wengi walifia njiani.

Suala la leo si uhai wa wanyama, bali ni usalama wa majengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na kumpa Waziri uwezo wa kutangaza mengineyo. Inalinda pia milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kuviharibu ni kosa, na mnyama hawezi kushitakiwa. Mwenye dhamana ni mwenye kumfuga.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mbuzi akipanda juu yake, mawe ya juu hulegea na maji ya mvua hupenya. Mkojo huacha chumvi inayomega chokaa. Ng'ombe hujikuna kwenye pembe za ukuta. Mbwa hufukua ardhi na kuchanganya vigae na shanga ambazo mpangilio wake ndio unaowaeleza wataalamu historia ya mahali. Wapo wasemao kuwa mbuzi husafisha magofu. Ni kweli hula majani, lakini mizizi iliyomo ukutani hubaki na kuendelea kuupasua.

Kwa hiyo wananchi na wageni wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mifugo isichungwe wala kulazwa ndani ya magofu.

2. Mnyama asifungwe kwenye ukuta, mlango wa nakshi wala kaburi.

3. Punda wa mizigo washushiwe mizigo nje ya eneo.

4. Mbwa wa matembezi wabaki nje pamoja na mtu wa kuwashika. Mbwa amwongozaye asiyeona ni jambo jingine. Msimamizi aarifiwe mapema ili amsaidie mgeni huyo.

5. Misikiti ya kale na makaburi viepushwe kabisa na wanyama, hata kama paa limeanguka. Heshima ya mahali haianguki pamoja na paa.

6. Jiwe likianguka, taarifa itolewe kwa msimamizi au serikali ya mtaa. Lisirudishwe kwa saruji, kwani saruji huzuia unyevu kutoka na kuzidisha ubovu.

Jirani zetu wa Mkoa wa Lindi ni mfano. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mawimbi, mvua na vichaka viliyadhoofisha hata yakatangazwa kuwa hatarini mwaka 2004, na ilichukua miaka 10 ya kazi kuyaondoa katika orodha hiyo, mwaka 2014.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa kale ukishaanguka, hata ukijengwa upya hauwi tena ule wa wazee. Kamba ya mbuzi ni rahisi zaidi.