Ushuru Wako na Mpango wa Halmashauri



Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ililipa hongo ya nguo na shanga kwa watemi wa njiani. Aliyelipa alipata ruhusa ya kupita, basi. Leo alipaye ushuru wa mazao au wa soko ana haki ya kuuliza fedha yake imefanya nini.

Halmashauri hupanga bajeti kila mwaka, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mshauri mwelekezi aweza kuajiriwa kuandika mpango mkakati. Lakini yeye hushauri tu. Vipaumbele vyapaswa kutoka kwenu, mikutanoni. Asiyehudhuria huamuliwa na wengine kama kitangulie kisima au zahanati.

Hivyo, dai stakabadhi kila ulipapo. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi 3, uulize mapato na matumizi. Uliza pia asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukikosa majibu, mwone diwani wako.