Watu wanne wa Lizaboni sawa na mmoja wa Madaba

Haya ni maneno ya mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Lizaboni, Manispaa ya Songea. Tunayachapa kama yalivyosemwa.



Nimeombwa niseme juu ya uchaguzi wa wabunge katika mkoa wetu wa Ruvuma. Sikuja na fulana, kofia wala ubwabwa. Nimekuja na hesabu. Mwenye kalamu aandike, asiye na kalamu atumie vidole, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la nne.

Kijiweni ukitaja uchaguzi, kijana wa bodaboda anakujibu: "Kura yangu itabadilisha nini?" Wakubwa wanasema huyo hajali nchi yake. Mimi nasema kijana huyo ameona moshi, ila hajaonyeshwa moto unawaka wapi. Leo tuutafute moto.

HESABU YA RUVUMA

Katika uchaguzi wa 2015 na ule wa 2020, mkoa wetu ulikuwa na majimbo 9: Songea Mjini, Peramiho, Madaba, Namtumbo, Mbinga Mjini, Mbinga Vijijini, Nyasa, Tunduru Kaskazini na Tunduru Kusini. Mwaka 2015 CCM ilichukua 9 kati ya 9. Mwaka 2020 ikachukua 9 kati ya 9.

Sasa weka matokeo hayo kando, uangalie sensa ya 2022. Mkoa mzima ulikuwa na watu 1,848,794. Ukigawa kwa majimbo 9, kila mbunge angekuwa na watu kama 205,000 hivi. Hayo ndiyo mambo sawasawa.

Lakini je, ndivyo ilivyo? Manispaa ya Songea, ambayo ndiyo jimbo la Songea Mjini, ilihesabiwa watu 286,285. Halmashauri ya Madaba, ambayo ndiyo jimbo la Madaba, ilihesabiwa watu 65,215. Huyu mbunge mmoja, na yule mbunge mmoja. Bungeni Dodoma wanakaa viti vya aina moja na kila mmoja ana kura moja. Gawa mwenyewe: inakuja zaidi ya mara nne. Maana yake, watu wanne wa Lizaboni wanapimwa kwenye mizani sawa na mtu mmoja wa Madaba.

Hapo kabla ya 2015, Songea Vijijini yote ilikuwa jimbo moja la Peramiho. Mwaka huo likakatwa, Madaba ikawa jimbo lake. Jumlisha watu wa pande hizo mbili katika sensa ya 2022, yaani 178,201 wa Halmashauri ya Songea na 65,215 wa Madaba. Unapata 243,416. Hao wana wabunge wawili. Sisi wa Manispaa tuko 286,285, na mbunge wetu ni mmoja.

Na mji huu haujalala. Sensa ya 2012 ilikuta watu 203,309 hapa Manispaa. Katika miaka 10 tumeongezeka watu 82,976. Nyongeza peke yake inazidi Madaba nzima! Hao walioongezeka ni akina nani? Ni nyinyi. Ni vijana waliotoka Namtumbo, Mbinga na Tunduru kuja kutafuta riziki, wakapanga chumba Lizaboni, Bombambili, Mfaranyaki na Msamala. Kila kijana anayehamia mjini anaacha kura nzito kijijini, anakuja kupokea kura nyepesi mjini.

Nisieleweke vibaya. Wananchi wa Madaba si maadui zetu. Ni wakulima wenzetu, mahindi yao tunakula, na eneo lao ni kubwa. Katiba yenyewe inaruhusu Tume iangalie jiografia na mawasiliano inapokata majimbo, na hiyo ni haki kabisa. Lakini hata umbali una bei yake. Ukiniambia kilometa za barabara zimfanye mtu mmoja awe na uzito wa mtu na nusu, nitakusikiliza. Ukiniambia awe na uzito wa watu wanne, hapo unanipiga changa la macho.

TUANGALIE NA WENZETU

Kuna wanaodhani haya ni matatizo ya Afrika tu. Basi naomba tuvuke bahari kidogo, twende Massachusetts, Marekani. Nimeichagua kwa sababu moja: nayo ina wabunge 9 katika Baraza la Wawakilishi la nchi yao, sawa na Ruvuma.

Massachusetts ndiko hila ya kukata ramani ilikopata jina lake. Mwaka 1812 gavana aliyeitwa Elbridge Gerry alitia saini ramani ya uchaguzi iliyokisaidia chama chake. Wilaya moja ya uchaguzi ilipindapinda hadi gazeti likaichora kama mnyama wa ajabu mfano wa mjusi. Wakachukua jina la gavana na jina la mjusi yule, salamander, wakayaunganisha. Mpaka leo Marekani mchezo huo unaitwa "gerrymander". Yaani mwanasiasa anawachagua wapiga kura kabla wapiga kura hawajamchagua yeye.

Mwaka 1964 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikaamua kwamba wilaya za uchaguzi wa bunge lao lazima ziwe na watu walio karibu sawa kadiri iwezekanavyo. Kwa hiyo leo kila mbunge wa Massachusetts anawakilisha watu wapatao 780,000. Baada ya kila sensa ya miaka 10, mistari inachorwa upya. Hakuna huyu kuwa mara nne ya yule.

Mtasema basi hao wamepona. Subirini. Mara ya mwisho chama cha Republican kushinda kiti cha Baraza hilo pale Massachusetts ilikuwa 1994. Kuanzia uchaguzi wa 1996, viti vyote vimekwenda kwa Democratic. Na si kwamba Republican hawana watu. Mwaka 2024 mgombea wao wa urais, Donald Trump, alipata zaidi ya theluthi moja ya kura za pale. Theluthi ya kura, na wabunge sifuri kati ya 9. Baadhi ya wabunge walipita mwaka huo bila jina la mpinzani kwenye karatasi.

Somo ni nini? Usawa wa watu unaondoa ugonjwa mmoja tu. Ugonjwa wa pili ni utaratibu wenyewe wa "mshindi anabeba vyote". Anayeongoza, hata kwa kura moja, anachukua kiti. Waliobaki wanarudi nyumbani mikono mitupu. Utaratibu huo ni wa kwao na ni wa kwetu.

Chukua wapiga kura 100 wa kata hii. Wa kwanza akipata 40, wa pili 35 na wa tatu 25, mwenye 40 ndiye mbunge. Watu 60 hawakumtaka, lakini walijigawa. Tuseme ukweli hapa, maana hotuba ya kuwasema CCM peke yao ni rahisi mno. Mwaka 2015 Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD waliungana chini ya Ukawa ili kuachiana majimbo. Mahali pengi wakaachiana. Pale Segerea, Dar es Salaam, Chadema ikasimamisha wake na CUF ikasimamisha wake. Kura zikagawanyika, CCM ikapita katikati. Huko hakuhitajika wizi wowote. Wapinzani walijimaliza wenyewe.

REFA NA FILIMBI

Ugonjwa wa tatu Massachusetts hawana, sisi tunao. Ni suala la refa.

Ibara ya 75 ya Katiba inasema Tume ya Uchaguzi ndiyo inayokata majimbo, baada ya kupata kibali cha Rais. Rais huyo huyo ndiye anayeteua wajumbe wa Tume. Ibara ya 74(12) inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kilichofanywa na Tume katika kazi zake. Basi ukiona ramani imekuonea, utamlilia nani? Wamarekani walikwenda mahakamani mwaka 1964. Sisi mlango huo umefungwa na komeo limewekwa kwenye Katiba.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba si sahihi wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais, kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Watu wakashangilia. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi ule. Mwaka uliofuata, 2020, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye fomu. Jirani zetu wa Ruangwa, Lindi, hawakupiga kura ya ubunge, kwa sababu Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu, alipita bila kupingwa.

Hapa Songea Mjini nako tunakumbuka. Mbunge Leonidas Gama wa CCM alifariki Novemba 2017. Uchaguzi mdogo ukafanyika Januari 13, 2018, Chadema ikasusa, na Damas Ndumbaro wa CCM akachukua kiti.

Kisha ukaja 2025. Aprili 9, hapo hapo Mbinga, Tundu Lissu alikamatwa baada ya mkutano wa hadhara alikodai mabadiliko ya sheria za uchaguzi. Akafunguliwa kesi ya uhaini. Siku tatu baadaye Tume ikatangaza kwamba Chadema haitashiriki kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Mwezi Mei Tume ikatangaza majimbo mapya 8. Mbeya ikapata Uyole, Dodoma ikapata Mtumba, Dar es Salaam ikapata Kivule na Chamazi. Ruvuma haikuambulia hata moja. Oktoba 29 watu wakapiga kura, intaneti ikazimwa, na damu ikamwagika katika miji kadhaa ya nchi hii.

Huo ndio moto, ndugu zangu. Ramani, utaratibu na refa. Kijana anayesema kura yake haina uzito hajatukana. Amesoma mizani.

SASA TUFANYE NINI?

Kuna anayesema tususe. Mwingine anasema tuingie hivyo hivyo. Ugomvi huo sitaumaliza leo, ila nataja mambo matatu ambayo yeyote kati ya hao wawili anaweza kuyafanya.

La kwanza, tudai ramani. Katiba inasema majimbo yachunguzwe angalau kila baada ya miaka 10. Maombi hupitia vikao vya halmashauri, wilaya na mkoa kabla ya kufika kwenye Tume. Manispaa hii ina kata 21, na kila kata ina diwani. Muulizeni diwani wenu swali moja la hesabu: 286,285 gawa kwa 65,215 ni ngapi? Hiyo si siasa ya chama. Mwana-CCM wa Lizaboni naye ni robo mtu kama mimi.

La pili, tujue kwamba kura ya ubunge haipotei yote hata mgombea wako akishindwa. Viti maalum vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge nchi nzima, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura halali. Kwa hiyo uwiano tunaoulilia umeshakuwemo kwenye Katiba, ila umewekwa chumba cha uani. Tuudai uje sebuleni, wabunge wa majimbo nao wapatikane kwa namna ambayo theluthi ya kura haizai sifuri.

La tatu, tulinde kinachohesabiwa. Wakala asiwe mtu wa kuokotwa asubuhi kwa ahadi ya soda. Awe kijana anayesoma, anayeandika, asiyenunulika, anayebaki kituoni mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe, na anayeondoka na nakala ya fomu ya matokeo mkononi. Chama kisichoweza kuweka wakala katika kila kituo cha Lizaboni hakina haki ya kulalamika kwamba kimeibiwa Lizaboni.

Mageuzi yaliporudi mwaka 1992 tuliambiwa sasa kila mtu ana sauti. Ni kweli sauti tunayo. Tunachotaka sasa ni mizani isiyo na jiwe chini yake, na mpima asiyeajiriwa na muuzaji. Tukishindwa kwenye mizani hiyo, tutashindwa kiume, tutampa mshindi mkono na kurudi kazini.

Mwenye swali aulize, na mwenye hesabu tofauti na yangu aje nayo hapa mbele.