Rafiki wa Biashara Utamjuaje?

Leo nawauliza: katika soko lile lote, rafiki yako ni nani?

Jambo hili si la porojo. Mfuko wa serikali wa kukopesha wanawake, ulioanzishwa mwaka wa 2007, hutoa mikopo kwa vikundi, na wanachama hudhaminiana. Mmoja akishindwa kulipa, mzigo ni wa wote. Utajikuta unauza kuku wako kulipa deni la mwingine!

Basi mpime mwenzako kwa madogo kwanza. Mwachie kibanda ukimpeleka mtoto kliniki. Ukirudi, je, nyanya zilizouzwa na pesa zinalingana? Mkopeshe debe moja la viazi, uone kama atalipa siku mliyoagana. Tena msikilize: anakuambia wazi kwamba unakula mtaji, ama anakusifu tu?

Usimwogope anayeuza mboga kama zako. Nyinyi wawili mnaweza kuchanga nauli na kununua gunia zima kwa bei ya jumla, halafu mgawane.

Na wewe mama, wenzako wakikupima hivyo hivyo, watakuta nini?