Bidii Si Kukesha
(Maneno waliyoambiwa vijana wa darasa la kompyuta)

Mmezoea kusikia: Mchina hachoki, mtu wa Pwani ni mvivu. Hebu tutazame.

Mwaka 2019 waandishi wa programu za kompyuta kule Uchina walilalamika kwa pamoja. Kazi ilikuwa saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku 6 kwa wiki. Hayo ni masaa 72! Tajiri Jack Ma aliuita utaratibu huo baraka. Mwaka 2021 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikasema ni kinyume cha sheria. Kumbe nao huchoka! Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilionya kuwa kazi ya masaa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Sheria yetu ya kazi ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Basi ulizeni saa za kazi kabla ya kutia sahihi. Na mwenzako usimpime kwa kwao. Mpime kwa kazi yake.